Kuwinda sarafu za zamani na za kigeni Goma, mji usio na sarafu

Faranga yetu ya Kongo haina sarafu. Ilipoanza kutumika tarehe 30 Juni 1998, hata senti moja ilichapwa kwenye karatasi, na mpaka leo ukienda soko la Virunga na noti kubwa, baki inayorudi ni noti laini kama kitambaa, nyingine imeungwa kwa skochi. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuanza kutafuta sarafu za ajabu humu Goma, namjibu kwamba ana bahati kuliko mtu wa Kampala au Nairobi. Kule sarafu ziko kila mfuko na macho yamezizoea. Huku kwetu, kila kipande cha chuma kinachofika mkononi kimevuka kitu: mpaka, ziwa, au miaka sitini ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Na bado tunasema "sina makuta", yaani sina pesa. Makuta yalikuwa sarafu. Vijana wengi hawajawahi kuiona hata moja ya kile wanachosema hawana.

Hivi ndivyo ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua.

1. Jua mlango sarafu zinamoingilia

Mlango mkubwa ni Petite Barrière, kivuko cha mpakani kwenda Rwanda. Watu kwa maelfu huvuka kati ya Birere, mtaa wetu wa mpakani, na Gisenyi ya Rwanda, na upande ule baki ndogo ni sarafu. Ukinunua karoti au maziwa ng'ambo, unarudi na biceri mfukoni. (Kinyarwanda ni ibiceri; sisi tumekata ile i ya mbele tukaendelea na safari.) Mama wauzaji wa Birere nao huzipokea, kwa hiyo unaweza kupata sarafu ya Rwanda bila kuvuka popote.

Mlango wa pili ni mifuko ya wafanyabiashara. Anayekwenda Kampala kupitia Bunagana hurudi na shilingi za Uganda. Anayefuata mzigo Dubai au Guangzhou hurudi na vipande alivyosahau kwenye begi, kisha watoto wake wanavichezea. Mlango wa tatu ni askari wa Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi Goma imepokea vikosi kutoka India, Uruguay, Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, na askari ni mtu kama wewe: ana sarafu za kwao chini ya mkoba, anampa dobi au mtoto wa jirani kama zawadi.

Mlango wa nne ni bibi yako. Huo nitaurudia, kwa sababu ndio wenye mali.

2. Kagua baki nyumbani, si barabarani

Usisimame mpakani ukigeuzageuza sarafu machoni. Anayekupa atadhani unamshuku kwamba amekupa pesa bandia, na anayekuangalia kwa nyuma atajua una pesa. Weka mfuko mmoja wa suruali, au kitambaa kimoja cha kufungia, kwa ajili ya sarafu peke yake. Jioni mwaga zote juu ya kitambaa cheupe karibu na taa.

Anza na zile za kawaida, kwa maana asiyejua za kila siku hawezi kuona iliyo tofauti. Sarafu za Rwanda utakazokutana nazo sana ni za mfululizo ulioanza na tarehe 2003: 1, 5, 10, 20 na 50, pamoja na ile ya 100 yenye rangi mbili iliyofuata 2007. Kwenye 10 kuna mgomba, kwenye 50 kuna muhindi. Ukishazitazama wiki mbili, mkono wenyewe utasimama ukigusa kitu kisicho cha kundi hilo.

Na kinachoweza kusimamisha mkono ni nini? Kutoka ng'ambo, tafuta yenye uso wa Grégoire Kayibanda, rais wa kwanza wa Rwanda, ya mwaka 1964. Bora zaidi, tafuta faranga 1 ya rangi ya shaba njano yenye simba, iliyoandikwa Rwanda na Burundi pamoja. Kati ya 1960 na 1964 nchi hizo mbili zilikuwa na pesa moja, kisha zikaachana, kila moja na benki yake. Za Uganda zinajieleza zenyewe kwa picha: 100 ni ng'ombe wa pembe ndefu, 200 ni samaki, 500 ni korongo mwenye taji. Hizo si adimu, lakini zikiingia katikati ya baki ya Gisenyi mtu hukupa kwa makosa, na hapo ndipo mchezo unapoanza.

3. Mwendee bibi, lakini kwa adabu

Ukweli ni kwamba baki ya kila siku itakupa sarafu za miaka ishirini hivi. Zilizo na umri zimelala majumbani. Zimo kwenye kopo la vifungo, kwenye sanduku la vitenge, zimetobolewa zikafungwa shingoni mwa mtoto, au zimewekwa chini ya boluti ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, badala ya ronde (washa), kwa sababu ile ya Wabelgiji yenye tundu katikati imefaa kabisa kwa kazi hiyo.

Usiende kwa mzee na swali la "una sarafu za zamani?" Atasema hana. Mwulize kuhusu bei. Mwulize chumvi ilikuwa kiasi gani alipokuwa msichana, au baba yake alilipwa nini kwenye shamba la kahawa. Mazungumzo yakishika moto, yeye mwenyewe atainuka kwenda kuleta kopo. Bibi mmoja wa mtaa wetu wa Majengo alinimwagia sarafu thelathini na kitu juu ya mkeka akisema, "Mwanangu, hizi zilinunua mbuzi. Leo hazinunui hata kiberiti." Nilimwuliza kama ananiruhusu nizipige picha. Nilizipiga, nikazirudisha zote kwenye kopo, na wiki iliyofuata aliniita mwenyewe nichague tatu.

Ukinunua, sema bei yako mbele ya mjukuu au mtu mwingine wa nyumba. Na ukijua ni ya fedha halisi, mwambie ni ya fedha halisi. Goma ni ndogo. Ukimdanganya bibi mmoja, kopo zote za mtaa zinafungwa.

4. Soma sarafu: enzi za Kongo moja baada ya nyingine

Hapa ndipo ninapokaa sana, na wewe ukae. Historia ya nchi hii unaweza kuipanga juu ya meza ndogo.

Za kale kuliko zote ni za Léopold II, mfalme wa Ubelgiji, za mwaka 1887 na kuendelea, wakati nchi ilikuwa mali yake. Za senti ndogo za mwanzo zilikuwa za shaba, na tundu katikati na nyota upande mmoja. Za faranga zilikuwa za fedha na zilibeba uso wake wenye ndevu ndefu. Maandishi, kwa kifupi au kwa ukamilifu, ni "État Indépendant du Congo". Ukiona faranga 5 ya Léopold sokoni kwa bei rahisi, kwanza tilia shaka, kisha tilia shaka tena: hiyo ni kati ya zinazoigwa sana.

Baada ya 1908 inakuja Congo Belge, yaani koloni ya Ubelgiji. Za senti 5, 10 na 20 ziliendelea kuwa na tundu na nyota, na kando ya tundu utaona herufi za jina la mfalme chini ya taji: L mbili kwa Léopold, A kwa Albert. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na senti 50 na faranga 1 zenye uso wa Albert upande mmoja na mchikichi upande wa pili. Angalia maandishi: nyingine ni za Kifaransa, nyingine za Kiflamandi, "Belgisch Congo". Watu wengi huwa na moja wakidhani wana zote. Ukipata mbili za mwaka mmoja, moja ya kila lugha, ziweke bega kwa bega.

Kisha vita. Ujerumani iliiteka Ubelgiji Mei 1940, na kiwanda cha sarafu cha Brussels hakikuweza tena kuihudumia koloni. Ndiyo maana faranga 2 ya mwaka 1943 ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, na ndiyo sarafu ninayoipenda kuliko zote: ya shaba njano, ina pembe sita kama nati ya gari, na tembo anatembea katikati. Zilitengenezwa milioni 25, kwa hiyo si adimu, na kwenye makopo ya Kivu bado zimo. Mwaka 1944 ukaja mkubwa wake, faranga 50 yenye tembo huyohuyo. Hiyo ina uzito wa gramu 17.5 na nusu yake ni fedha. Ukiikuta, kaa chini kwanza.

Za miaka ya 1950 ni nyepesi, za alumini, zina mti wa mchikichi na jina la nchi mbili: Congo Belge na Ruanda-Urundi. Hizo ndizo nyingi kuliko zote katika mji wetu, kwa sababu zilitumika pande zote mbili za mpaka. Wakati ule Gisenyi na Goma zilikuwa na baki moja.

Uhuru ulileta vurugu ambayo sarafu zimeikumbuka vizuri. Katanga ilijitenga Julai 1960, na mwaka 1961 ikatoa faranga 1 na 5 za bronzi: upande mmoja chane ya ndizi, upande wa pili ule msalaba wa shaba wa Katanga. Ukipata moja Goma, mwulize mwenye nayo kama ana ndugu Lubumbashi. Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Serikali ya Léopoldville (Kinshasa ya leo) nayo ilitoa faranga 10 ya alumini yenye kichwa cha simba, mwaka 1965.

Juni 1967 Mobutu alileta zaire. Zaire 1 ilikuwa makuta 100, na likuta 1 lilikuwa sengi 100. Usishangae kusoma "1 likuta": likuta ni umoja, makuta ni wingi, nasi tumebaki na wingi tu, labda kwa matumaini. Sengi 10 ina chui, makuta 5 ina uso wa Mobutu mwenyewe. Siku ile zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Makuta 10 na 20 za miaka ya 1970 bado zimo, kisha za mwisho: zaire 1 na 5 za 1987, na zaire 10 ya 1988. Baada ya hapo bei zilipanda mpaka chuma cha sarafu kikawa na thamani kuliko namba iliyo juu yake. Mwaka 1993 zaire milioni tatu ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja, na sarafu hazikurudi tena.

Onyo dogo. Utaona sarafu zimeandikwa "République Démocratique du Congo", za mwaka 2002 hivi, zenye wanyama wazuri, zinang'aa. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa nje. Hakuna mama aliyewahi kuuza sombe (kisamvu) kwa hizo. Si bandia, lakini usimwache mtu akuuzie kama "pesa ya zamani ya Kongo".

5. Za jirani wa mbali na za wasafiri

Gisenyi ilikuwa ya Wajerumani mpaka 1916, kwa hiyo heller, sarafu ndogo za Deutsch-Ostafrika, koloni yao ya Afrika Mashariki, zinaweza kutokea. Tazama herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukiona T na mwaka 1916, hiyo ni ya Tabora, ambako Wajerumani waliozingirwa walitengeneza sarafu kwa vyuma walivyovipata, na ambako askari wa Kongo wa Force Publique, jeshi la koloni ya Ubelgiji, waliingia Septemba mwaka uleule. Za heller 5 na 20 zilizotokea huko zina sura mbaya, zimegongwa kwa haraka, na mimi nazipenda hivyohivyo. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ukiletewa, jua kwanza kwamba umeletewa bandia, mpaka mizani iseme vingine.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima: angalia mwaka tu. Ikiwa ni 1946 au kabla, robo yake ni fedha. Kuanzia 1948 ni nikeli na shaba. Senti 10 ya kwao ina tundu katikati na pembe za ndovu pembeni.

Za askari na wafanyabiashara ni za kufurahisha macho. Peso za Uruguay za mwaka 2011 zina wanyama: ya 2 ina carpincho, mnyama mkubwa wa jamii ya panya, ambaye jirani yangu alimtazama akasema ni simbilisi aliyekula vizuri. Randi 2 ya kawaida ya Afrika Kusini, ile ya kabla ya 2023, ina tandala. Dirham ya Dubai ina birika la kahawa. Kwenye sarafu zenye mwaka wa Kiislamu peke yake, zidisha mwaka kwa 0.97 kisha jumlisha 622. 1400 inakupa 1980.

Robo dola ya Marekani, ile wanayoiita quarter, itazame ubavuni. Ukiona mstari wa shaba, ni ya kawaida. Ikiwa ni ya 1964 au kabla na ubavu ni mweupe wote, asilimia 90 yake ni fedha.

Yuro za sarafu usizipeleke kwa kambisti, yaani mbadilisha pesa. Atakuangalia tu. "Papa, hii haitembei huku," ndivyo nilivyoambiwa, na aliyeniambia hakuinua hata macho kutoka kwenye kalkuleta. Lakini mimi siku hizi nawaambia makambisti watatu ninaowajua wanitunzie kila chuma wanachopewa kwa makosa, nami nawalipa kidogo. Hiyo imenipa zaidi ya kuvuka mpaka mara kumi.

6. Pima kabla ya kuamini

Vifaa ni vinne na vyote vinapatikana. Sumaku: vunja spika ya redio iliyokufa. Rula yenye milimita. Simu yenye kamera na tochi, ambayo ukikuza picha inasoma herufi zilizofutika kuliko jicho. Na mizani ya gramu: hapa Goma hatuna shida, kila mnunuzi wa dhahabu anayo, na ukimwendea asubuhi kabla ya wateja atakupimia bila malipo.

Sumaku haishiki fedha, wala shaba, wala alumini. Kwa hiyo tembo wa 1944 akirukia sumaku, si yeye. Akikataa sumaku, bado hujamaliza: mpime. Gramu 16 au 17 kwa iliyolika sana naweza kuelewa. Gramu 12, mrudishie mwenyewe na tabasamu.

Angazia sarafu kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Tarehe iliyofutika huonekana kwa kivuli chake. Hili ndilo jambo moja ningependa mtu angeniambia mapema.

Wakati mwingine utakutana na kitu ambacho hakisomeki kwa njia yoyote. Nina donge la alumini la ukubwa wa kidole gumba, kutoka nyumba iliyofunikwa na lava ya volkano yetu, Nyiragongo, mwaka 2002. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na lava inapita hapo mbali sana. Mwenye nyumba anasema yalikuwa makopo mawili ya faranga za michikichi. Pembeni bado unaona nusu ya jani.

7. Usioshe

Tembo wangu wa kwanza wa pembe sita nilimsugua kwa limau na majivu mpaka akang'aa kama kijiko cha harusi. Nilijivuna. Baada ya mwezi akawa na madoa ya waridi na ile ngozi ya kahawia iliyokuwa imemlinda kwa miaka sabini ilikuwa imekwenda. Mkusanyaji hupunguza bei ya sarafu iliyosuguliwa hata kabla ya kuigeuza.

Udongo unatosha kutolewa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kwa kidole, kisha ikaushwe kwa kuiwekea kitambaa bila kufuta. Kutu ya kijani ikigoma, iache.

8. Tunza na uandike

Karatasi, si nailoni. Plastiki laini zile za bei rahisi hutoa uchafu unaonata juu ya shaba. Mimi nakunja bahasha ndogo kutoka karatasi za daftari na kuzipanga kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na dirisha. Juu ya kila bahasha naandika nchi, thamani, mwaka, uzito, na jambo ambalo wengi husahau: siku niliyoipata, mahali, na mkono ulionipa. "Birere, mama wa maharage, ndani ya baki ya 500." Bila hilo una chuma tu.

Kujua ni nini ulichonacho, kuna katalogi ya Numista kwenye intaneti, bure. Andika nchi na mwaka, linganisha picha. Bei utakazoziona huko ni za watu wenye wanunuzi karibu. Huku kwetu sarafu nyingi za alumini hazifiki thamani ya soda, na anayekuahidi mamia ya dola kwa makuta ya Mobutu anataka kitu kingine kutoka kwako, mara nyingi "malipo ya kufungulia faili". Usilipe kitu kabla ya kuuza.

9. Za kawaida zirudishe

Usirundike biceri zisizo na kitu cha kipekee. Ukishakagua, weka pembeni moja iliyo safi ya kila mwaka, nyingine zifunge kwenye kitambaa. Jumamosi vuka nazo asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, zimalizie kwa maziwa na mandazi. Toa noti ya elfu mwishoni, kwa kitu kidogo kabisa, na muuzaji akianza kutafuta noti za kukurudishia mwambie hapana, mama, nipe chuma tu.